Jezi ya Mtumba na Mguu wa Mwanetu



Sisi ni mume na mke. Riziki yetu imo katika nguo za mitumba, soko la Mchikichini, Ilala, na makazi yetu ni vyumba viwili vya kupanga Kariakoo, mahali ambapo adhana ya alfajiri ya Msikiti wa Mtoro hutufikia kabla ya makelele ya mikokoteni. Allah (S.W.) ametujaalia watoto watatu. Habari tunayoileta inamhusu wa kwanza, kijana wa miaka 17. Tulimwomba ruhusa kabla ya kuandika, naye akaitoa kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe.

Mwanetu ni mchezaji mpira. Tangu utoto alasiri zake zimepitia katika viwanja vya vumbi vya Jangwani, naye alipofika kidato cha tatu alikuwa winga ambaye watu wazima walisimama kumtazama. Siku moja kocha wa timu ya vijana ya klabu moja akatuahidi kwamba atamwita kwenye majaribio. Tangu siku ile nyumba yetu ilibadilika, na leo tunakiri kwamba haikubadilika kwa heri. Fedha ya tuisheni ya hisabati tuliigeuza kuwa viatu vya mpira. Barazani tulizungumza juu ya mishahara ya wachezaji kana kwamba imekwisha kuingia mfukoni. Mmoja wetu alianza kumwita kijana "mtaji wetu". Ulikuwa mzaha, lakini mzaha unaorudiwa kila siku masikioni mwa mtoto hugeuka kuwa agizo.

Zikiwa zimebaki siku chache kufikia majaribio, aliruka kuupiga mpira wa kichwa, akatua vibaya, na mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Hakuna aliyemgusa. Daktari aliitazama picha ya mfupa kwa muda mrefu, kisha akatuuliza kama kijana alikuwa akilalamika maumivu siku zilizotangulia, kwani mfupa ulionekana kuwa na ufa wa zamani kidogo. Tukajibu kwamba hakulalamika hata mara moja. Tulipomgeukia, aliyakwepa macho yetu.

Akafungwa hogo, na pamoja na mguu, ulimi wake nao ulikuwa kama umefungwa. Sala alisali peke yake chumbani. Rafiki zake wa madrasa walipokuja kumjulia hali alijifanya amelala. Usiku mmoja, mama yake alipompelekea uji, alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Mama, mimi bila mpira si kitu." Tulikesha tukiulizana maneno hayo ameyatoa wapi. Hatukuwa na haja ya kwenda mbali. Tulikuwa tumeyapanda sisi wenyewe.

Katika siku hizo tulifungua belo la nguo za michezo kutoka Marekani. Ndani yake mlikuwa na jezi moja ya buluu, pana mabegani kama iliyoshonwa kwa ajili ya mtu wa miraba minne, yenye namba 94 na jina mgongoni: KIWANUKA. Ilikaa kwenye kamba wiki nzima bila mnunuzi, maana haikuwa ya Simba wala ya Yanga, wala ya timu yoyote ya Uingereza. Mfanyabiashara mmoja wa Kampala, anayefunga mizigo yake Kariakoo, aliiona akacheka. "Hilo ni jina la kwetu Buganda," alisema. "Limefikaje kwenye nguo ya Wamarekani?" Hatukuwa na jibu. Tuliichukua nyumbani tukamrushia kijana kitandani, angalau apate la kufanya na simu yake isipokuwa kutazama wenzake wakicheza. Tulimwambia: "Tutafutie habari za mtu huyu."

Siku ya pili alituita. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya majuma matatu kutuita bila kuhitaji kitu.

Mwenye jezi ni Mathias Kiwanuka. Alizaliwa mwaka 1983 katika mji wa Indianapolis, Marekani, kwa wazazi waliotoka Uganda. Mchezo wake si soka hii tuijuayo, bali ule wa Kimarekani, ambamo mpira wenye ncha mbili hubebwa mikononi. Kila upande huwa na watu 11. Wanaoshambulia hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, yaani kama mita tisa. Wakishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Mashambulizi yote huanza kwa mtu mmoja, mgawa mpira, ambaye husimama nyuma ya ukuta wa wenzake akitafuta wa kumrushia. Kazi ya Kiwanuka ilikuwa kuuzunguka ukuta huo kutoka pembeni na kumwangusha mgawa mpira kabla hajaurusha. Mlinzi wa pembeni wa namna hiyo lazima awe mkubwa kama mpagazi wa bandarini na mwepesi kama mkimbiaji, na mara nyingi mashambulizi huwa yamekwisha ndani ya sekunde chache.

Baada ya masomo katika chuo cha Boston College, Kiwanuka alichaguliwa mwaka 2006 na klabu ya New York Giants, akiwa wa 32 na wa mwisho katika duru ya kwanza ya vijana wanaogawanywa kwa vilabu kila mwaka. Mwezi Novemba mwaka huo huo alifanya kosa ambalo watu wa mchezo ule wanalikumbuka. Timu yake iliongoza kwa 21 kwa 0 dhidi ya Tennessee Titans, na robo ya mwisho ilikuwa imekwisha kuanza. Wapinzani walirudi, na wakiwa katika nafasi yao ya nne Kiwanuka alimkamata mgawa mpira wao, Vince Young. Alikuwa naye mikononi. Akamwachia, akidhani mpira umekwisha kutoka na akichelea kuadhibiwa kwa kumwangusha asiye na mpira. Mpira haukuwa umetoka. Young akakimbia nao, shambulizi likaendelea, na mchezo ukamalizika Titans wakishinda 24 kwa 21.

Mwanetu aliitazama picha ile mara nyingi. Alituonyesha jinsi mikono ya Kiwanuka ilivyofunguka. "Baba, nchi nzima ilimwona," alisema, "na wiki iliyofuata alirudi uwanjani."

Mwaka wa pili klabu ilimhamisha. Pembeni walikuwapo mabingwa watatu, Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck, kwa hiyo Kiwanuka alipelekwa mstari wa pili wa walinzi, kazi nyingine yenye hesabu nyingine. Alijifunza. Tarehe 18 Novemba 2007, katika mchezo dhidi ya Detroit Lions, alivunjika mguu, na msimu wake ukaishia hapo. Wenzake waliendelea bila yeye mpaka fainali ya tarehe 3 Februari 2008, wakawafunga New England Patriots 17 kwa 14, timu iliyokuwa imeshinda michezo yake yote 18 ya msimu. Ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wote katika historia ya karibu ya klabu ile, na Kiwanuka hakuucheza.

Hapa mwanetu alinyamaza akautazama mguu wake. Nasi hatukutia neno. Kuna nyakati ambazo mzazi akiongeza somo huliharibu.

Habari iliendelea. Mwezi Agosti 2008 Umenyiora naye aliumia goti kabla ya msimu kuanza, na Kiwanuka aliyevunjika mguu mwaka uliotangulia akarudishwa pembeni, mahali pake pa asili. Msimu ule aliwaangusha wagawa mpira mara nane, na hakupata tena idadi kama hiyo maishani mwake. Mwaka 2010 alianza vizuri kupita wote, mara nne katika michezo mitatu tu, kisha madaktari wakagundua kwamba kisahani kimoja kati ya pingili za shingo kimetoka mahali pake. Msimu ukafungwa tena. Safari hii lililohofiwa halikuwa mguu wala goti. Shingo ikienda vibaya, mtu huweza asinyanyue tena kijiko.

Mwanetu alipofika hapo aliiweka simu chini. Akasema kwa sauti ndogo: "Huyu waliona mapema, wakamzuia." Kisha akasema: "Mimi nilijua."

Tukauliza alijua nini. Ndipo alipotueleza kwamba mguu ulikuwa ukimuuma kwa zaidi ya wiki mbili. Usiku aliusugua kwa mafuta ya taa ili tusisikie harufu ya dawa ya misuli. Asubuhi alishuka ngazi mbele yetu akijikaza asichechemee. Alijua kwamba akisema tutampeleka hospitali, hospitali watamzuia, majaribio yatampita, nasi tutasikitika. "Mlikuwa mmefurahi sana," alisema. "Sikutaka niwe mimi wa kuwakatisha tamaa."

Wazee wetu walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini methali hiyo tulizoea kumwelekezea mgonjwa. Siku ile iligeuka ikatuelekea sisi. Mtoto haufichi ugonjwa bure. Huuficha kwa sababu ameona kwamba ndani ya nyumba maumivu yake yana gharama kubwa kuliko ukimya wake. Mwili aliopewa ni amana ya Mola wake, na sisi tuliowekwa kuilinda amana hiyo mpaka abaleghe na kujitegemea, tulikuwa tumekwisha kuikopea.

Mama alilia. Baba alitoka akaenda kusali isha akakawia kurudi. Aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwomba mtoto radhi. Tunaandika hili kwa sababu tunajua katika nyumba zetu si desturi ya mzazi kumwomba mtoto radhi, na baadhi yenu mtaona ni kujishusha. Sisi tumeona kwamba heshima ya baba haikupungua. Kijana aliushika mkono wake akaubusu, na usiku ule alilala bila kuamka.

Kwa kuwa jina lile lilitoka Uganda, kijana alitaka kujua zaidi, na hapo tulikutana na habari nzito kuliko michezo. Mathias ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha Democratic Party na Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, mwaka 1962, kabla Milton Obote hajakishika cheo hicho. Chini ya Obote aliingia gerezani. Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971 alimfungulia, akamfanya Jaji Mkuu. Mwaka uliofuata Jaji Kiwanuka aliamuru Mwingereza mmoja aliyewekwa kizuizini kinyume cha sheria aachiwe huru. Tarehe 21 Septemba 1972 askari walimtoa ndani ya Mahakama Kuu ya Kampala, na hakurudi tena. Mjukuu alizaliwa miaka 11 baadaye, katika nchi ya mbali.

Tulipoisimulia habari hii barazani, mzee mmoja wa makamo ya babu zetu alituuliza kwa upole kama inafaa familia ya Kiislamu kusimulia habari ya Mkristo aliyeuawa na serikali ya mtu mwenye jina la Kiislamu. Mzee mwingine, aliyevaa sare ya jeshi katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, alimjibu kabla yetu. Alisema dhuluma haisilimu kwa sababu aliyeitenda amesilimu, na kwamba hakimu anayemhukumia mgeni haki mbele ya mtawala mwenye bunduki amefanya jambo ambalo dini yetu inalitaka kwa kila hakimu. Mzee wa kwanza alitikisa kichwa kukubali, na kahawa ikaendelea kuzunguka. Mwanetu alikuwapo, magongo yake yameegemezwa ukutani. Alikuwa ametoka nje kwa mara ya kwanza.

Mwaka 2011 Kiwanuka alirudi, shingo yake ikiwa imepona, akapangwa tena mstari wa pili. Klabu ilifika fainali tena, na tena wapinzani wakawa New England Patriots. Tarehe 5 Februari 2012 Giants walishinda 21 kwa 17, naye safari hii alikuwa uwanjani. Na fainali hiyo, kwa majaaliwa ya Mwenyezi Mungu, ilichezwa Indianapolis, mji aliozaliwa. Aliendelea mpaka mwaka 2014, msimu ambao goti lilimkatiza, na Machi 2015 klabu ikamwacha. Misimu tisa, klabu moja, mara 38 na nusu za kumwangusha mgawa mpira. Hiyo nusu hutolewa pale wawili wanapomwangusha kwa pamoja.

Sasa tukiri tofauti yetu. Mama wa kijana aliposikia habari yote alisema mchezo ule ni wa kuumizana, na kwamba haoni fahari katika mguu, shingo na goti. Baba alisema fahari imo katika kurudi. Tulibishana siku kadhaa. Aliyetusogeza pamoja ni mchezaji mwingine ambaye kijana alikutana na habari zake, ndugu yetu katika imani, Husain Abdullah. Mwaka 2012 yeye na kaka yake Hamza, wote wachezaji wa ligi ile, waliacha msimu mzima wa mpira ili wakahiji Makka. Mwaka uliofuata Husain alipata nafasi Kansas City Chiefs. Tarehe 29 Septemba 2014 aliunasa mpira uliorushwa na Tom Brady, mmoja wa wagawa mpira mashuhuri kabisa, akakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, akasujudu. Waamuzi wakaiadhibu timu yake yadi 15. Kesho yake ligi ikatangaza kwamba sijda ile haikustahili adhabu. Na mwaka 2016, baada ya kupata mishtuko ya ubongo zaidi ya mara moja, akastaafu akiwa bado na nguvu za kucheza, ili ailinde akili yake.

Mama alisema: "Huyu ndiye." Baba alisema: "Na yule pia." Tukakubaliana kwamba wote wawili wanasema jambo moja kwa njia mbili. Kiwanuka alihamishwa, akavunjika, akazuiliwa, akarudi, na katika kila hali alibaki kuwa mtu mzima, mwenye jina na nasaba. Abdullah alijua lini kwenda na lini kuacha, kwa kuwa alikuwa na kitu kikubwa kuliko mpira. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa si kitu bila mpira.

Wazazi wenzetu, hatuandiki kuwakatazeni watoto michezo. Mchezo huwaondoa vijiweni, huwafunza kushindwa na kushinda, na mwili wenye afya ni neema. Tunawaombeni mambo matatu ambayo sisi tuliyakosa. La kwanza, msiihesabu fedha ambayo mtoto hajaipata, hasa mbele yake. La pili, msiiuze tuisheni kununua viatu. Vyote viwili vikishindikana, vianze kupungua viatu. La tatu ndilo kubwa: mtoto ajue kwamba akisema "naumwa" atasikilizwa kabla ya kuulizwa mchezo ni lini. Muulizeni mguu, muulizeni na moyo. Muulizeni mkiwa mmekaa, si mkiwa mlangoni.

Hogo lilifunguliwa. Mguu umekuwa mwembamba kuliko wa pili na kijana anaufanyisha mazoezi aliyoelekezwa hospitali. Kasi yake haijarudi yote, na huenda isirudi. Jangwani sasa anacheza nyuma, si winga. Kocha aliyetuahidi majaribio hajapiga simu, nasi tumeacha kuingoja. Tuisheni imerudi. Msikitini anakwenda kwa miguu yake.

Ile jezi tuliitundika ukutani, tukidhani ataitaka iwe kumbukumbu. Jumamosi moja tulimwachia kibanda kwa saa chache. Tuliporudi ukuta ulikuwa mtupu, naye akatupa fedha yote mkononi, imekunjwa vizuri. Mfanyabiashara wa Kampala alikuwa amepita, ameikumbuka, ameinunua. Tulimuuliza kwa nini ameiuza. Alituangalia kana kwamba tumeuliza jambo la ajabu. "Baba, ililetwa iuzwe," alisema. "Habari zake ninazo."

Tunamwomba Allah atulindie watoto wetu katika miili yao, akili zao na dini yao, na atusamehe sisi wazazi pale tulipoichukua amana yake tukaifanya mtaji. Aamin.